Kopo Moja kwa Siku

Baba alikuwa mchimba visima. Kuze na Kibokoni
walimjua: hugonga mwamba kwa kisigino,
husikiliza, kisha husema, "Hapa, pima nane.
Mtakuta chumvi kidogo, lakini mtakunywa."
Huyo ndiye waliyemchukua mwaka ule wa vita,
wakampa kaptula, namba na sepetu mpya,
wakampeleka kwenye bandari iliyo jangwani,
ngome mbele ya bahari, mchanga nyuma yake,
na hakuna aliyemuuliza habari ya mwamba.

Sisi huku tuliziba madirisha kwa magunia
meli za Kilindini zisionekane na ndege.
Jioni, redio ya Bohora muuza misumari
ilisema: ngome imezingirwa, ngome ingali imesimama.
Mwezi wa pili: ingali imesimama.
Mwezi wa tano wanaume wakaacha kuja kusikiliza.
Kisha siku moja, baina ya alasiri na magharibi,
ikasema imeanguka,
ikafuatisha bei ya nazi kavu.

Ikaja karatasi: Athmani Mwidau, hajulikani alipo.
Shangazi akaleta nguo za eda.
Mama akazikunja, akazitia chini ya godoro.
"Hajulikani si amekufa. Hata sindano hupotea,
ikakuchoma mguu mwaka wa pili."

Alirudi mwaka wa tatu, ratili arubaini pungufu.
Hakusimulia mizinga. Alisimulia maji:
kopo la maziwa, moja kwa siku, kwa kila mtu,
la kunywa humo, la kupikia humo;
ndevu walinyolea masalio ya chai.
Maji yenye ladha ya petroli na kutu.
Udhu walitia kwa mchanga, mara tano,
hata viganja vikawa kama msasa.

"Kuta zilikuwa nzima
siku tuliyotoka mikono juu," alisema.
"Asubuhi tulipakua shehena ya Mwingereza.
Jioni, gati ile ile, tukampakulia adui.
Magunia yale yale.
Matusi ndiyo yaliyokuwa mapya."

Usiku hakulala mpaka ajaze mitungi,
sufuria, mabakuli, hata kikombe cha dawa.
Na mara nyengine, birika limejaa ubavuni mwake,
alisahau, akapiga sakafu kwa viganja viwili,
akajipaka uso vumbi lisilokuwapo.
Mama aligeuka akatazama ukuta.

Ngome yetu hii, ya Mreno, siku hizo ilikuwa jela.
Wafungwa walitolewa asubuhi kuvunja mawe
na jua likiwa limeshawawahi.
Kila Ijumaa baba alijitwika debe,
kopo mkononi, akashuka nalo mpaka langoni.
Askari jela, kijana Mutinda, akamzuia:
"Mzee, hawa ni wezi."
"Najua. Yule wa pili aliniibia kuku."
Akamtekea yule wa pili kwanza.

Alikufa mwezi wa Mfunguo Tatu, kwa homa ya kawaida.
Mwosha maiti akauliza maji yako wapi.
Mimi binti sikuwa na nafasi chumbani;
kazi yangu kuteka kisima cha uani,
alichokichimba mwenyewe kabla sijazaliwa,
na kupitisha ndoo mlangoni.
Ya tatu. Ya saba.
Kaka yangu akatoa kichwa: "Basi, yatosha."
Nikateka tena.
Kamba ilinichuna, nikateka tena.
Maji yakapenya chini ya mlango,
yakaja ukumbini na harufu ya karafuu maiti,
yakanifunika vidole.
Watu wakavuta majamvi kando.
Mama, aliyekaa kimya tangu alfajiri,
akasema, "Mwacheni ateke."
Kopo lilikuwa papo hapo msumarini.
Sikupima.